Reli Iliyookolewa na Wasomaji

Sisi watu wa vitabu tuna tabia moja inayoniudhi. Mtu akitaja makumbusho ya reli, tunakunja pua. Eti hayo ni mambo ya wazungu wazee wanaopenda kupiga picha moshi. Eti reli ni ukoloni uliotandazwa ardhini, kwa hiyo kuitunza ni kumlilia mkoloni. Tukibanwa kidogo tunakimbilia serikalini: si kuna wizara, si kuna bajeti? Baada ya hapo tunarudi kwenye simu zetu kubishana nani alistahili tuzo gani.

Nataka kupambana na tabia hiyo kwa kutumia reli moja ndogo sana, iliyo mbali sana, katika milima ya Wales. Inaitwa Talyllyn. Ina urefu wa maili 7 na robo, hata kilomita 12 haifiki. Ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu waliojitolea, bila kulipwa. Sijawahi kuikanyaga. Niliijua kupitia kitabu, na hilo, kama mtakavyoona, ni sehemu ya hoja yangu.

Hadithi yake kwa kawaida huanzia kwenye mawe. Mimi naona ianzie kwenye pamba. Mwaka 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Marekani, na pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ikaacha kufika kwenye viwanda vya kaskazini mwa Uingereza. Wenye viwanda wakaanza kutafuta mahali pengine pa kuzungushia fedha zao. Mmoja wao alikuwa William McConnel, mtu wa ukoo wa wasokota pamba wa Manchester. Mwaka 1864 kampuni yake ilikodi machimbo ya Bryneglwys, palipochimbwa sleti, yale mawe meusi yanayopasuliwa vipande vyembamba vya kuezekea nyumba. Hadi wakati huo mawe yalikuwa yakishushwa mlimani migongoni mwa farasi. McConnel akataka reli ya kuyafikisha pwani, mjini Tywyn. Bunge likapitisha sheria yake mwaka 1865, na kijiji cha Abergynolwyn kikajengwa kwa ajili ya wachimbaji.

Kwa hiyo msiniambie kwamba reli yetu ilizaliwa na dhambi na ya wenzetu ikazaliwa na malaika. Reli hii inayochorwa kwenye kadi za posta, na kijani chake na kondoo wake, ilianza kwa sababu jasho la mtumwa lilikatika sokoni na tajiri akatafuta pa kupumulia. Sijaona kadi ya posta yenye pamba.

Reli yenyewe ilijengwa kwa mwendo wa bora liende. Upana wake ni futi 2 na inchi 3, kipimo ambacho karibu hakuna mwingine aliyekitumia. Madaraja ya juu yakajengwa membamba mno, kiasi kwamba abiria angefungua mlango chini ya daraja asingekuwa na nafasi ya kutoka. Suluhisho? Wakasogeza reli kando kidogo chini ya madaraja, wakaziba kabisa milango ya upande mmoja wa mabehewa, na mpaka leo unapandia na kushukia upande mmoja tu. Nawapenda watu wa namna hiyo. Ni mafundi wa jua kali waliovaa kofia ndefu.

Mwaka 1911 machimbo na reli vikanunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa Meirionnydd. Biashara ya sleti ilikuwa inazama, lakini yeye aliendelea. Siku moja baada ya Krismasi ya mwaka 1946 sehemu ya machimbo ilianguka, na kazi ikafungwa. Kwa hesabu za kawaida reli nayo ilikuwa imekwisha, maana mzigo wake ulikuwa ni ule ule. Mzee Haydn akaapa kwamba akiwa hai treni itaendelea kutembea, na kweli ikatembea, siku chache kwa wiki, majira ya kiangazi. Serikali ilipotaifisha reli za nchi mwaka 1948, hii iliachwa nje. Mataruma yalikuwa yameoza. Watu walisema kilichozuia reli zisitanuke ni mizizi ya nyasi. Kati ya injini mbili za zamani, ile iitwayo Talyllyn ilikuwa haifanyi kazi tena, na mwenzake Dolgoch, iliyoundwa mwaka 1866, ilikuwa ikibeba kila kitu peke yake. Mzee alifariki Julai 1950.

Sasa hapa ndipo nataka tutulie.

Aliyeokoa reli hii hakuwa waziri. Alikuwa mwandishi, Tom Rolt, mtu aliyesomea ufundi wa injini lakini akawa anaishi kwa kalamu. Mwaka 1944 alikuwa ametoa kitabu, Narrow Boat, kuhusu maisha yake ndani ya mashua kwenye mifereji ya Uingereza, na kitabu hicho kiliwaamsha watu kuanza kuitetea mifereji iliyokuwa ikiachwa ife. Kiangazi cha 1949, akiwa na miaka 39, aliandika barua kwa gazeti la Birmingham Post akipendekeza kwamba Talyllyn iokolewe. Barua, jamani. Barua kwa mhariri. Kitu kile kile ambacho siku hizi tunakicheka kwamba ni kazi ya wastaafu wasio na la kufanya. Watu wakajibu. Tarehe 11 Oktoba 1950 wakakutana watu kama 70 katika hoteli moja ya Birmingham, wakaunda chama, na mjane wa mzee Haydn akakubali kuwaachia reli. Tarehe 14 Mei 1951 treni ya kwanza chini ya chama hicho ikatoka Tywyn na kwenda mpaka Rhydyronen, vituo vichache tu. Ikarudi salama.

Wale wanaosema "wenzetu wana hela" naomba waiangalie tarehe hiyo tena. Uingereza ya 1951 ilikuwa bado inagawiwa nyama kwa kadi. Mgao wa chakula uliisha mwaka 1954. Wale watu hawakuwa na hela. Walikuwa na likizo ya wiki moja au mbili, na wakaitumia kung'oa magugu na kubadilisha mataruma mvuani, na mvua ya Wales si ya kubahatisha. Injini mbili za ziada walizipata kwa sababu reli jirani ya Corris, iliyokuwa na upana ule ule wa ajabu, ilifungwa mwaka 1948 na injini zake zikabaki zimeegeshwa. Walizinunua, wakaziita Sir Haydn na Edward Thomas. Ukiangalia kwa makini, shughuli yote ya mwanzo ilikuwa ni kuokota vya wengine.

Na vitabu viliendelea kuilisha. Rolt, aliyekuwa meneja misimu miwili ya kwanza, aliandika Railway Adventure, kilichotoka mwaka 1953. Ndicho kitabu kilichonifikisha mimi huko. Mwaka huo huo ikatoka filamu ya The Titfield Thunderbolt, kichekesho kuhusu wanakijiji wanaoendesha reli yao wenyewe, ambayo mwandishi wake alichochewa na Talyllyn. Kisha akaja kasisi mmoja, Awdry, baba wa treni Thomas ambayo wanetu wanaiangalia kwenye televisheni bila kujua ilitoka wapi. Awdry alijitolea Talyllyn kama gadi, na siku moja akaondosha treni akamwacha kituoni mama wa chai. Aibu hiyo akaigeuza hadithi. Vitabu vyake kuhusu reli ya Skarloey, kuanzia Four Little Engines cha mwaka 1955, ni Talyllyn iliyobadilishwa majina. Leo ndani ya makumbusho ya reli nyembamba yaliyoko kituo cha Tywyn wametengeneza upya chumba chake cha kuandikia, kimekaa pamoja na injini. Makumbusho ya vyuma yana meza ya mwandishi! Mfano wa Talyllyn ukaigwa Ffestiniog, kisha Bluebell, kisha sehemu nyingi kiasi kwamba kuzihesabu hakuna maana. Mwaka 2021 UNESCO ikaingiza mandhari ya sleti ya kaskazini magharibi mwa Wales kwenye orodha ya urithi wa dunia, na Bryneglwys, kijiji cha Abergynolwyn na reli hiyo vimo.

Najua baadhi yenu mmeshaanza kusema: huyu naye ametekwa na moshi. Hapana. Nina ugomvi na hadithi hii pia, na ugomvi huo ndio ulionifanya niandike.

Chama kilizaliwa Birmingham. Birmingham ni Uingereza, si Wales. Machimbo yalipofungwa waliopoteza mkate ni watu wa Abergynolwyn, waliozungumza Kiwelisi, na miaka minne baadaye watu wa mjini, wa lugha nyingine, wakaja kupenda kile ambacho kwa wenyeji kilikuwa ajira. Si kosa kupenda. Lakini tazama kinachotokea: anayekuja na koleo ndiye anayepewa funguo, na mwenye funguo ndiye anayeamua ubaoni paandikwe nini, injini ipewe jina la nani, kipi kiwekwe kwenye kabati la kioo na kipi kibaki stoo. Injini ikaitwa Sir Haydn, jina la mwenye mali. Haikuitwa jina la mchimbaji yeyote. Hakuna aliyefanya hila. Waliokuwepo ndio walioamua, basi.

Kujitolea, kwa hiyo, si wema tu. Ni mamlaka. Na sisi tunaokunja pua tumekuwa tukiyakataa mamlaka hayo huku tukidhani tunapinga ukoloni.

Twende Nairobi. Makumbusho ya reli pale yalifunguliwa mwaka 1971, injini za mvuke zikiwa bado zinavuta mizigo nchini. Nje imesimama namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa miaka ya 1955 na 1956, tani 250 na ushei, zenye nguvu kuliko injini nyingine yoyote ya mvuke iliyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Ziliundwa Manchester. Manchester ile ile ya McConnel. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Kuna nyingine pale, namba 3020, jina lake Nyaturu. Wanyaturu ni watu wa Singida. Injini yenye jina la watu wa Singida imekaa Nairobi kwa sababu shirika la reli lilikuwa moja kwa nchi tatu, mpaka lilipovunjika mwaka 1977 na kila mtu akabaki na kilichokuwa uani kwake. Hapo peke yake pana riwaya. Iko wapi?

Kitu ambacho wageni huonyeshwa kwanza, hata hivyo, ni behewa la Ryall. Juni 1900, kituo cha Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba mla watu. Simba akaingia, akamtoa nje kupitia dirishani. Hadithi nzuri, sibishi. Lakini mnajua kwa nini tunalijua jina la Ryall? Kwa sababu wenzake waliandika. Patterson naye, aliyewaua simba wa Tsavo, alitoa kitabu mwaka 1907. Ndani yake aliwahesabu Wahindi walioliwa, akasema ni 28. Waafrika hakuwahesabu. Alieleza tu kwamba wao hawakuwa na kumbukumbu rasmi. Simba wenyewe wana makabati yao Chicago mpaka leo, wana namba na lebo. Walioliwa hawana hata majina.

Vibarua wa kutoka India walikuwa kama 32,000, na kama 2,500 kati yao walikufa kabla reli haijafika ziwani mwaka 1901. Hao angalau waliandikwa kwenye madaftari ya ajira. Wanandi walipigana na reli hiyo kwa miaka, wakakata nyaya za simu wakatengenezea mapambo, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila Oktoba 1905, siku aliyoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Mwambieni anayesema reli ni ya mkoloni aniambie basi damu hiyo ni ya nani.

Waandishi wetu wa riwaya waliliona hili zamani. Ngũgĩ katika A Grain of Wheat anawapeleka vijana stesheni Jumapili kuangalia treni ikipita, na stesheni inageuka uwanja wa mapenzi na wivu. Vassanji anaanza ukoo mzima kwa babu aliyekuja kujenga reli. Peter Kimani, katika Dance of the Jakaranda, anaifanya reli hiyo hiyo kuwa kitendawili cha nani ni mzawa na nani ni mgeni. Tunazisoma riwaya hizi, tunazisifu, tunaziandikia makala. Kisha tunapita kando ya makumbusho tukielekea mjini, hatugeuzi hata shingo. Tunapenda reli ikiwa imeandikwa. Ikiwa ni chuma chenye kutu tunaiachia watalii.

Kuna pingamizi moja ambalo nalikubali kwa uzito wake, na huwa linatoka kwa vijana, si kwa maprofesa. Wanasema: kujitolea kwetu kumeharibiwa. Umemaliza chuo, unaambiwa "jitolee kwanza", unapanga mafaili ya ofisi ya watu mwaka mzima bila hata nauli, halafu nafasi ikipatikana anapewa mpwa wa bosi. Nimepitia hayo, katika chumba cha habari ambacho sitakitaja. Niliandika habari za miezi minane zikatoka kwa jina la mwingine. Kwa hiyo mtu akiniambia neno kujitolea linamtia kichefuchefu, namwelewa.

Lakini hebu tazama tofauti. Pale Talyllyn anayejitolea ni mwanachama. Anapiga kura. Anachagua viongozi wa chama na anaweza kuwaondoa. Chama ndicho kinachoshika reli. Wapo waliolipwa pia, tangu mwanzo, wachache, kwa sababu boila haichezewi na mtu wa Jumamosi tu. Kinachokosekana ofisini kwetu si mshahara peke yake, ni sauti. Ukichimba shimo la mtu mwingine bila malipo, umenyonywa. Ukichimba lako pamoja na wenzako, hiyo tulishaipa jina siku nyingi: harambee. (Wapo wanaodai neno lenyewe lilitoka kwa vibarua wa Kihindi wa reli, eti walikuwa wakimwita mungu wa kike Ambe wakibeba vyuma. Simo. Mabaharia wa pwani walishajua kuvutana kamba kabla ya reli.)

Kwa hiyo simwombi mtu akapige deki makumbusho ya serikali bure. Nataka chama. Chama chenye daftari la wanachama, ada ndogo, na mkutano wa mwaka wenye kelele, kinachokwenda kwa wenye makumbusho na kusema: tupeni behewa moja, tupeni chumba kimoja, na tupeni haki ya kuandika yanayobandikwa ubaoni. Wakikataa, tuandike barua kwa mhariri. Imewahi kufanya kazi.

Na kuna haraka. Kijana aliyeanza kuchochea moto kwenye injini ya daraja la 59 akiwa na miaka 20, mwaka ambao makumbusho yalifunguliwa, leo amepita 70. Wazee hawa wapo Muthurwa, wapo Voi, Nakuru, Kisumu, Tabora, Jinja. Anajua harufu ya boila inayotaka kukausha maji. Anajua jina ambalo mafundi waliipa Mount Gelai walipokuwa peke yao karakanani, ambalo kwa vyovyote halikuwa Mount Gelai. Anajua nani aligongwa wapi, nani alianzisha mgomo, stesheni masta gani alikuwa na wake wawili kwenye vituo viwili vya mstari mmoja. Hakuna kabati la kioo lenye vitu hivyo. Tangu Mei 2017 treni mpya inapita sambamba na ile ya zamani, Mombasa mpaka Nairobi, abiria wanapiga picha tembo, na yule mzee akifa hatujapoteza nostalgia ya mzungu yeyote. Tumejipoteza sisi.

Rafiki yangu mmoja, mshairi, alisoma rasimu ya makala hii akauliza: sasa hao wazee watakubali kuzungumza na nyinyi waandishi? Swali zuri. Nilimjibu kwamba wengi wao wamengoja miaka arobaini mtu awaulize, na kwamba tusiende na kamera kubwa na fomu za kusaini kana kwamba tunawadai. Twende na sukari na majani ya chai, tumwamkie shikamoo, tukae. Simu yoyote inarekodi sauti. Mwaka huu mimi naanza na Muthurwa, Jumamosi, kila ninapokosa zamu kazini. Aliye na babu wa reli Voi au Tabora aanze na huyo, amuulize kwanza jina la mwenzake wa zamu, lile kamili, na herufi zake, aliandike.